Mshindo Mbele ya Sikio

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga. Wasomaji wangu mlioniandikia kuniuliza nimepotelea wapi, pamoja na wale mliodai kwamba kuna mheshimiwa kanipa bahasha ili nikae kimya, nawashukuru wote. Hiyo bahasha sijaiona mpaka leo. Kama ipo naomba iletwe, teh teh! Kilichoninyamazisha ni mshindo wa kweli, mshindo wa damu, mbele ya sikio langu la kulia.

Weka kidole mbele ya sikio lako, pale juu kidogo ya kile kinyama kinacholinda tundu la sikio. Tulia. Unasikia kitu kinadunda polepole? Huo ni mshipa wa damu unaopanda kwenda kichwani, nitauita ateri ya panja. Wa kwangu ulitobolewa na sindano wakati natibiwa taya, ukaota kifuko, na kifuko kikawa kinadunda mchana na usiku. Madaktari wote walioniona waliniambia neno moja: nadra. Ni jambo nadra sana. Leo nataka tuliongelee hilo neno, maana nimelala nalo mto mmoja, na nimegundua lina mambo mengi ndani yake ambayo mtu haambiwi.

Tuanze na taya lenyewe. Langu lilianza kulia tangu nikiwa Mlimani. Nikipiga mwayo, ka! Mshikaji niliyekuwa naishi naye chumba kimoja hosteli alikuwa akidhani nakula karanga gizani bila kumgawia. Taya kulia peke yake si ugonjwa, watu wengi wanaishi nalo hivyo hadi uzeeni. Lakini Machi 2024, nikiwa kituoni Mwenge nasubiri daladala huku natafuna hindi la kuchoma, taya likagoma. Halikufunga, lilikataa kufunguka. Mtu mzima mwenye taya zima huweza kuingiza vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya juu na ya chini. Mimi nilipata kidole kimoja na nusu.

Ofisini ilikuwa burudani kwa wenzangu. Mhariri wangu alisema hatimaye maombi ya serikali yamejibiwa, mwandishi kafungwa mdomo bila amri ya mahakama. Nilicheka nao, kwa kadiri mtu anavyoweza kucheka akiwa na ufa wa kidole kimoja na nusu.

Kilichokuwa kinatokea ndani ni hiki. Kiungo cha taya ni kiungo cha pekee mwilini, kwa sababu hakizunguki tu kama bawaba ya mlango, bali pia kinateleza. Unapofungua mdomo, kichwa cha mfupa wa taya kwanza huzunguka, halafu huteleza kwenda mbele. Katikati yake na mfupa wa fuvu kuna kisahani cha gegedu kinachotakiwa kuteleza pamoja nacho. Kisahani kikihama mahali pake, taya hulia. Kikikwama kabisa, au kikinata juu, taya hufunga breki.

Tiba ya kwanza haina sindano wala kisu. Unapewa vyakula laini, kitambaa cha maji ya moto, dawa za maumivu, mazoezi ya taya, na kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku ili meno yasisagane. Wagonjwa wengi hupatia nafuu hapo hapo. Mimi nilikaa miezi mitatu nikiishi kwa uji, mtori na wali bokoboko, nikapungua mpaka shangazi yangu akampigia simu mama kumuuliza kama nimepima. Mwezi Juni daktari akasema sasa tukisafishe kiungo.

Hapo nikafanya kile ambacho mwandishi hufanya akiambiwa jambo asilolijua, nikaenda kusoma. Mwaka 1975, huko Japani, daktari anayeitwa Masatoshi Ohnishi alieleza jinsi ya kuchungulia ndani ya kiungo cha taya kwa darubini nyembamba, bila kupasua uso. Madaktari waliofuata njia hiyo walikuwa wakisafisha kiungo kwa maji wakati wanachungulia, na baadaye wakaona jambo la kushangaza. Wagonjwa wengi walikuwa wanafungua mdomo vizuri hata pale ambapo kisahani hakikurudi mahali pake. Kumbe sehemu kubwa ya kazi ilikuwa inafanywa na maji! Mwaka 1991 Dorrit Nitzan, Franklin Dolwick na Gary Martinez wakaandika kuhusu njia rahisi zaidi. Acha darubini, chukua sindano mbili. Moja inaingiza maji, nyingine inayatoa, na majimaji yenye uchafu wa uvimbe yanatoka nayo. Mgonjwa anaweza kuwa macho, na jioni anarudi nyumbani.

Ndivyo nilivyofanyiwa, kwenye hospitali moja hapa jijini ambayo sitaitaja, wala daktari wake sitamtaja, kwa sababu sijaandika haya kumchafua mtu. Alichora mstari kwa kalamu kutoka kwenye kinyama cha sikio hadi kona ya nje ya jicho. Akapima milimita 10 mbele ya sikio na 2 chini ya mstari, akaweka nukta. Akapima milimita 20 mbele na 10 chini, akaweka nukta ya pili. Hizo ni alama zinazotumika duniani kote. Akachoma ganzi, akaingiza sindano. Nilisikia maji yakikimbia ndani ya kichwa kama bomba la DAWASA siku linapokumbuka kutoa maji. Baada ya nusu saa akanishika taya, akalivuta, na mdomo ukafunguka. Milimita 24 zilikuwa zimekuwa 38. Niliondoka pale nikitabasamu kwa meno yote, nikapitia chipsi kuku.

Kabla ya kuchomwa nilimuuliza daktari kuna hatari gani. Alinijibu vizuri. Uso utavimba siku moja au mbili kwa sababu ya maji, jicho linaweza kulegea kwa saa chache kwa sababu ya ganzi, meno yanaweza yasikutane sawasawa kwa muda, na maambukizi hutokea mara chache. Nikauliza, na zaidi ya hapo? Akasema zaidi ya hapo ni mambo nadra sana, usijipe hofu. Nikatia saini.

Sasa tuwaangalie majirani wa kiungo hiki, maana shida yote iko kwa majirani. Kiungo cha taya kimejenga sehemu yenye msongamano kama Kariakoo. Kwa nje, mbele ya sikio, inapita ateri ya panja, ile niliyokuambia uiguse. Kwa ndani, nyuma ya shingo ya mfupa wa taya, inapita ateri ya taya, nayo inatoa tawi linaloingia ndani ya fuvu kwenda kulisha utando unaofunika ubongo. Juu ya kiungo kuna dari la mfupa jembamba, unene wake ni kiasi cha milimita moja tu, na ng'ambo ya dari hilo ni makazi ya ubongo. Pembeni kuna mshipa wa fahamu unaoinua nyusi na kufumba jicho. Sindano inapita katikati ya wakazi hao wote, na daktari haoni ncha yake ilipo, anajua kwa vipimo na kwa mkono wake.

Mara nyingi sana sindano inafika salama. Na hata ikigusa mshipa wa damu, mara nyingi damu hutoka kidogo, inabanwa kwa kidole, imekwisha. Lakini ateri si mshipa wa kawaida, ina msukumo wa moyo nyuma yake. Ikitobolewa na tundu lisizibe vizuri, damu inaendelea kusukumwa nje ya ukuta, inajichimbia chumba kwenye nyama za jirani, na chumba hicho kinajengewa ukuta wa damu iliyoganda na makovu. Kinatokea kifuko kinachojaa na kupungua kwa kila pigo la moyo. Madaktari wanakiita anurizimu bandia. Kinaitwa bandia kwa sababu ukuta wake si ukuta wa mshipa, ni kibanda tu kilichojengwa kando ya barabara bila kibali. Na kibanda cha namna hiyo kinaweza kupasuka.

Jambo la pili linaloweza kutokea ni sindano kutoboa ateri na vena kwa pamoja. Mashimo mawili yakiungana, damu ya ateri inaingia moja kwa moja kwenye vena bila kupita kwenye vijishipa vidogo. Hiyo ni fistula ya mishipa ya damu. Ukiweka kidole juu yake unasikia mtetemo kama wa simu iliyo kwenye mlio wa kimya, na mgonjwa mwenyewe husikia mvumo sikioni unaokwenda na moyo wake. Mwaka 1757 daktari William Hunter, Mskoti aliyekuwa akifanya kazi London, alieleza hali hiyo hiyo kwa watu waliokuwa wametolewa damu kwenye kiwiko. Si kuumika kwetu kwa chuku, wao walikuwa wanachoma vena yenyewe, na ncha ikizidi inatoboa ateri iliyo chini yake. Tangu hapo karne zimepita, sindano zimekuwa nyembamba, lakini kanuni ni ile ile. Penye ncha na ateri jirani, siku moja vitakutana.

Kwa upande wa taya, visa vya anurizimu bandia na fistula baada ya kuchungulia kiungo vimekuwa vikiandikwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisa kimoja hapa, kingine kule. Mwaka 2000 madaktari wa upasuaji wa ubongo huko Uingereza waliandika kuhusu mgonjwa aliyevuja damu kati ya fuvu na utando wa ubongo baada ya kiungo chake cha taya kusafishwa kwa sindano. Visa vichache mno ukilinganisha na maelfu ya watu wanaofanyiwa. Kweli kabisa, nadra.

Basi bwana. Siku ya kumi na moja baada ya kusafishwa taya, nikiwa nanyoa ndevu, niliona kiuvimbe mbele ya sikio, kama punje ya choroko. Hakikuuma. Wiki iliyofuata kikawa kunde. Wiki iliyofuata kikawa saizi ya zabibu, na usiku nikilalia upande huo nilikuwa nasikia mto unagonga. Du, du, du. Kichwa juu ya mto, na mto unanijibu.

Kila mtu alikuwa daktari. Ofisini wakasema tezi. Shangazi akasema nimepigwa na upepo mbaya. Jirani akasema jipu, na kwamba jipu la hapo lisipotumbuliwa mapema linaingia kwenye ubongo. Nchi hii tangu Magufuli aingie madarakani mwaka 2015 neno kutumbua limekuwa tamu mdomoni, kila uvimbe unaonekana jipu. Jumamosi moja nikaenda zahanati ya mtaani kwa ajili ya dawa za maumivu. Kijana wa zamu akautazama uvimbe, akaubonyeza kidogo, akasema hili limeiva, tunalifungua sasa hivi, dakika tano tu. Akaanza kuandaa trei. Niliona kisu kidogo kikitolewa kwenye karatasi yake.

Akaingia nesi mmoja wa makamo, yule ambaye nusu ya watoto wa mtaa wetu wamepita mikononi mwake.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Una nini hapo?"

"Jipu," kijana akajibu kwa niaba yangu.

Mama yule hakusema kitu. Alikuja akaweka vidole viwili juu ya uvimbe, akavituliza kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Halafu akanishika mkono, akatafuta mapigo ya kifundo. Akakaa hivyo muda, mkono mmoja usoni kwangu na mwingine kwenye kifundo. Kisha akabana kwa kidole chini kidogo ya uvimbe, mbele ya sikio, na uvimbe ukanywea na kuacha kudunda. Akaachia. Ukajaa tena.

"Wewe, rudisha hicho kisu," akamwambia kijana. "Jipu halipigi na moyo." Kisha akanigeukia. "Mwanangu, ulichomwa sindano hapa?"

Nikamweleza. Akaniandikia barua ya rufaa kwa mwandiko mkubwa, akapigia mstari maneno matatu: uvimbe unaodunda, USITUMBULIWE. Akaniambia nisiuguse, nisiukande, niende siku hiyo hiyo.

Kila nikikumbuka ile trei huwa nafikiria hesabu rahisi. Kifuko kilichounganishwa na ateri kikifunguliwa kwa kisu kwenye chumba chenye pamba na spiriti tu, damu yake haisubiri. Sijui kama yule mama aliwahi kusoma hata kisa kimoja cha anurizimu ya kiungo cha taya. Alichokuwa nacho ni vidole viwili na tabia ya kugusa kabla ya kukata. Jina la ugonjwa lilikuja baadaye, kwa watu wenye mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa ultrasaundi ya rangi. Inaonyesha damu inayokuja upande wa kifaa kwa rangi moja na inayokwenda mbali kwa nyingine, kwa kawaida nyekundu na bluu. Ndani ya kifuko changu rangi zote mbili zilikuwa zinazunguka, nusu nyekundu nusu bluu, kama watu wawili wanaofukuzana ndani ya chumba kimoja. Mtaalamu akaita wenzake waje waone. Nilikuwa nimelala pale, shingo upande, vijana sita wa mafunzo wakinizunguka, na wote wakiwa na furaha. Ukiwa mgonjwa wa kawaida unaachwa upange foleni. Ukiwa nadra unapata wageni.

Niliporudi kwa daktari aliyenisafisha taya, nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Kalamu mfukoni, daftari mkononi, unanijua. Aliangalia picha, akaweka vidole vyake mwenyewe juu ya uvimbe, akakaa kimya. Kisha akasema, "Hii imetokana na sindano yangu. Sijawahi kuiona, nimewahi kuisoma tu." Sikutegemea sentensi hiyo. Nimehoji viongozi kwa miaka minne na sijawahi kupewa jibu fupi namna hiyo. Daftari likabaki limefungwa.

Njia za kutibu zilikuwa kadhaa, akazieleza. Kubana kifuko kwa kifaa cha ultrasaundi mpaka kigande. Kuchoma dawa ya kugandisha damu ndani yake, ingawa usoni kuna wasiwasi wa dawa kusafiri kwenda mahali pasipotakiwa. Kupitisha mrija mwembamba ndani ya mishipa kutoka kwenye paja hadi kichwani na kuziba tundu kwa vijiwaya vilivyosokotwa. Njia hii ni muhimu hasa pale ateri iliyotoboka ni ile ya ndani, isiyofikika kwa kisu kirahisi. Kwa nchi yetu si jambo la zamani. Ni mwaka 2018 ndipo timu za walimu kutoka Marekani zilipoanza kuja Muhimbili mwezi baada ya mwezi kuwafundisha madaktari wetu wa mionzi kutibu kwa mirija ya namna hiyo.

Mimi nilikuwa na bahati ya upande wa ateri. Ateri ya panja iko juu juu, chini ya ngozi tu, na ngozi ya kichwa ina mishipa mingi inayosaidiana, kwa hiyo ukiifunga moja nyingine zinachukua zamu. Wakanipasua kwa ganzi ya hapo hapo mwezi Agosti. Wakafunga mshipa chini ya kifuko, wakafunga juu yake, wakakitoa. Kila baada ya muda daktari alikuwa akiniambia, "Inua nyusi. Fumba jicho." Alikuwa anahakikisha ule mshipa wa fahamu haujaguswa. Niliinua nyusi kwa bidii ambayo sijawahi kuionyesha kwenye mtihani wowote. Usiku ule nililalia upande wa kulia. Mto ulikuwa kimya.

Sasa turudi kwenye neno letu.

Daktari alisema hajawahi kuona. Namwamini. Lakini sisi tuliosoma tukubaliane kwamba "sijawahi kuona" si sawa na "haipo". Mwaka 1983 James Hanley na Abby Lippman-Hand waliandika kwenye jarida la JAMA kuhusu swali hili hili, kwamba kama hakuna kilichoharibika, je, ndiyo kusema kila kitu kiko salama? Jibu lao ni kanuni nyepesi ya kugawanya tatu kwa idadi ya uliowaona. Daktari akiwa amewatibu wagonjwa 100 bila hata tatizo moja, bado hatuwezi kukataa kwamba kiwango halisi kinaweza kufika hadi kama 3 kwa 100. Akiwa amewatibu 300, kinaweza kufika 1 kwa 100. Sifuri ya mtu mmoja ni sifuri ndogo, hata awe hodari vipi. Kwa mambo ya nadra uzoefu wa daktari mmoja hautoshi, ndiyo maana watu wanaandika vile visa vya mgonjwa mmoja mmoja ambavyo wengine huvidharau.

Na je, mgonjwa aambiwe? Hapa kuna kesi ambayo nadhani kila mtu anayetia saini karatasi ya hospitali angepaswa kuijua. Nchini Australia mama mmoja, Maree Whitaker, alikuwa haoni karibu kabisa kwa jicho la kulia tangu utotoni. Mwaka 1984 daktari Christopher Rogers alimpasua jicho hilo bovu. Mama alikuwa ameuliza maswali mengi sana kabla ya upasuaji, na alikuwa na wasiwasi mkubwa na jicho lake zima. Baada ya upasuaji, jicho zima likapata uvimbe wa huruma, yaani lilimuugulia mwenzake, na akabaki karibu kipofu. Uwezekano wa jambo hilo kutokea ulikuwa kama 1 kwa 14,000. Upasuaji wenyewe haukuwa na kasoro. Lakini mwaka 1992 Mahakama Kuu ya Australia ikasema daktari alipaswa kumwonya, kwa sababu kwa mgonjwa yule, mwenye jicho moja tu, hatari ile ilikuwa na uzito. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza nayo ikafuata mkondo huo huo katika kesi ya Montgomery. Kipimo kikahama kutoka kwenye kile ambacho madaktari wamezoea kusema, kwenda kwenye kile ambacho mgonjwa aliyeketi mbele yao angetaka kujua.

Nilimweleza daktari wangu kisa hicho siku ya kutoa nyuzi. Alinisikiliza, halafu akaniuliza swali ambalo bado linanisumbua. "Nikiwasomea wagonjwa kila kitu kilichowahi kuandikwa, mpaka kuvuja damu kwenye ubongo, nusu yao watakimbia. Watabaki na taya lililofungwa, au wataenda kwa mtu wa kuwavuta taya kwa nguvu. Nitakuwa nimemsaidia nani?"

Ana hoja. Ningesomewa orodha nzima mwezi Juni, huenda mpaka leo ningekuwa nakunywa mtori. Tiba hii ilinisaidia, mdomo unafunguka vidole vitatu, na ningeulizwa leo na mtu mwenye taya kama langu ningemwambia akafanyiwe. Siandiki haya ili mtu aogope sindano.

Lakini nilimjibu hivi. Si lazima mgonjwa apewe orodha ya kila balaa. Apewe dalili ya kumrudisha. Mimi sikuhitaji kujua neno anurizimu. Nilihitaji sentensi moja kwenye ile karatasi ya kuruhusiwa, pale chini ya "tumia dawa mara tatu kwa siku": Ukiona uvimbe mbele ya sikio unaodunda na moyo, au ukisikia mvumo sikioni, hata baada ya wiki kadhaa, rudi hapa, na usikubali mtu yeyote autumbue. Maneno ishirini na kitu. Hayamkimbizi mtu, kwa sababu hayamtishi, yanampa kazi ya kufanya. Na hayo "wiki kadhaa" ni ya muhimu, kwa kuwa kifuko cha namna hii mara nyingi hakijitokezi siku ile ile. Kinajijenga taratibu wakati wewe umeshasahau sindano, na unayekutana naye wa kwanza si bingwa aliyekuchoma, ni kijana wa zamu ya Jumamosi mwenye trei.

Daktari alichukua kalamu, akaiandika ile sentensi kwenye karatasi moja mbele yangu, akasema ataipeleka kwa wenzake. Nilipita pale mwezi uliopita kumsindikiza mtu. Karatasi zilizokuwa dirishani bado ni zile za zamani. Nimemkumbusha. Nitamkumbusha tena, hiyo ndiyo kazi tuliyosomea.

Wakati tunasubiri, msomaji wangu, ibebe wewe hiyo sentensi. Umechomwa sindano, umeanguka, umepigwa na mpira au kiwiko pembeni mwa uso, na baada ya siku ukaota uvimbe? Weka vidole viwili, tulia, sikiliza. Kama unadunda, usiubinye wala usiupeleke kwa mwenye wembe. Nenda ukapigwe ultrasaundi. Na kama wewe ndiye uliyevaa koti jeupe, basi gusa kwanza.

Kwa leo naishia hapa. Wiki ijayo tunarudi kwenye siasa, na yule mheshimiwa wa bahasha ajiandae.